Ukuta Unaishia 997

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nitaandika yote. Baba ndiye aliyetaka hivyo. Daftari hili lililetwa Ijumaa na Paul, taximan wa pikipiki anayepanda Djugu kila Jumanne na kushuka kila Ijumaa. Juu ya jalada Baba ameandika kwa kalamu ya bic nyekundu: “Prudence, andika yote, hata yale ya aibu. Hesabu isiyo na hatua zake haina pointi.” Baba ni mwalimu hata akiwa mbali! Nimeliogopa daftari siku tatu. Leo naapa.

Hatua ya kwanza, basi. Baba alibaki kijijini, huko Djugu, na watoto kumi na mmoja wa shule yake ambao hawakupata njia ya kukimbia vita. Mimi na Mama tuko Bunia, mtaa wa Rwambuzi, mwaka wa pili sasa. Tunakaa chini ya bâche, nyuma ya jiko la Papa Claude. Parcelle, yaani kiwanja chote, ni yake. Yeye pia ni président wa kamati ya wazazi shuleni kwetu, na binti yake Gracia yuko darasani mwangu. Kutoka mlango wao wa mbao mpaka turubai letu ni hatua ishirini na tatu. Ni Gracia aliyenipa jina ninaloitwa shuleni. Bâche. “Bâche, mvua ya jana ilikulalisha upande gani?” Wote wanacheka. Na mimi hucheka kidogo, ili iishe haraka.

Sasa habari yenyewe. Shule yetu ina nafasi moja kwenye concours, mashindano ya hesabu, Kisangani, mwezi wa Novemba. Msichana atakayefanya vizuri kule atachukuliwa na masista, akae internat, bwenini kwao, mpaka diplôme. Nafasi moja! Prof Augustin, mwalimu wetu wa hesabu, amebakiza wawili: Gracia na mimi.

Kila mmoja amepewa namba. Swali ni moja: ni premier au si premier? Gracia kapewa 1 000 003. Mimi 1 022 117. Tuhesabu kwa mkono, bila simu, bila mashine. Karatasi zifungwe kwenye bahasha Ijumaa tarehe 24, zisomwe mbele ya préfet, mkuu wa shule, Jumatatu inayofuata.

Premier nilifundishwa na Baba kwa punje za mahindi, nikiwa na miaka saba. Punje kumi na mbili utazipanga mistari mitatu, nne nne. Punje kumi na tatu, panga upendavyo, lazima kuna punje itabaki nje. Zinakubali kusimama foleni moja tu. Hiyo ndiyo premier: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Prof ameniambia mbele ya wote, kwa sauti laini: “Yako, Prudence, nimeitafuta mimi mwenyewe. Siku mbili nzima.”

Kwa ajili yangu! Siku mbili!

Nimemwambia Mama. Alikuwa anafua, hakugeuka. Kasema atangoja mpaka majibu. Nisipochukuliwa, naenda Mahagi-Port kwa Shangazi Annette kukausha samaki, maana Shangazi ameomba mkono wa kumsaidia kazi mara tatu na mara tatu Mama amemwambia bado. “Mutoto wangu, ile namba itakulisha?”

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeanza. Lazima nieleze ukuta.

Nyuma ya darasa letu, kuanzia dirisha mpaka mlango, Prof Augustin amechora kwa rangi ya buluu namba premier zote kuanzia 2 mpaka 997. Ziko 168. Ukipewa namba unaigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa 7, unafuata ukuta mpaka mlangoni. Ikigawanyika popote bila baki, si premier. Ukifika mlangoni hujapata kitu, ni premier. Kwetu tunasema “kumaliza ukuta”. Shule nyingine hawasemi hivyo. Nilipoingia shule hii mwaka jana mwezi wa Novemba, ndilo jambo la kwanza nililofundishwa: “Malizia ukuta, kisha uongee.”

Kwa 2 haiendi. Kwa 3 inabaki 2, kwa 5 vilevile. Kwa 7 inabaki 5. Kwa 11 inabaki 8. Kwa 13 inabaki 5 tena. Kwa 17 inabaki 9.

Kumi na mbili kila siku, siku kumi na nne, Jumapili napumzika. Nitamaliza tarehe 22. Débora, jirani yangu wa benchi, anabaki nami baada ya masomo kuweka tiki. Ana simu, lakini anaizima na kuiweka chini kabisa ya mfuko ili mtu asije akatusingizia. Rafiki wa kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Prof amenisimamisha wakati wa somo la historia, ambalo hata si lake. Kaingia tu. Kauliza nimefika wapi. Nikasema 151. Akawaambia wote: “Muangalie. Batu bametoka pori, lakini banajua kuhesabu.” Wakapiga makofi. Sijui kama ilikuwa sifa. Nimeiandika kwa sababu niliapa.

Gracia hajaonekana hata siku moja mbele ya ukuta. Kaniambia getini kwamba yake ameimaliza Jumatano, nyumbani, akila.

Namba yangu naipenda. Moja tatu, mbili mbili, sifuri moja, na saba mkiani. Ukizijumlisha ni kumi na nne. Naitaja nikiwa foleni ya bomba: milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba. Kina mama wanadhani nasali.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimepita 400! 401 inabaki 369. 409 inabaki 26 tu – nilidhani imekubali. Nikarudia mara mbili. 26.

Katikati ya kazi Gracia alimwita Débora nje. Débora akarudi na maandazi ya moto, beignets mbili, akanipa moja. Tamu sana. Hakula yake. Kasema tumbo linamuuma, lakini akaendelea kuweka tiki mpaka 433, mkono ukienda polepole.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua kubwa. Bâche ilichanika upande wa Mama. Karatasi zangu nilizifunga kwenye sufuria na kuifunika, mimi nikalowa. Mama kasema akili yangu imekuwa sufuria.

Leo Gracia alikuwa amesimama barazani kwao na mwavuli, mvua imekwisha. Akaniuliza nimefika ngapi. Nikamwambia nakaribia 750. Akaingia ndani, nikasikia kicheko, na sauti ya Papa Claude inamwambia anyamaze.

Jumatano, 22 Oktoba

997! Inakwenda mara 1025, inabaki 192. Hakuna kitu. Nimegawa mara 168 na kila moja nimeijaribu kwa kuzidisha. Hakuna kosa. Nimemaliza ukuta!

Nilimkumbatia Débora. Alikuwa mgumu kama ubao.

Prof alikuwa anapita. Akaweka kichwa dirishani.

“Umemaliza?”

“Ndiyo, Prof.”

“Mpaka mlangoni?”

“Mpaka mlangoni, Prof.”

“Bravo. Usibadilishe tena kitu.”

Nimeandika juu ya karatasi safi, kwa herufi kubwa: 1 022 117 ni premier. Mama ameona ninavyotabasamu, akanipa kipande chake cha samaki. Akasema labda.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bahasha imefungwa. Imeingia kabatini kwa Prof, kufuli likalia. Sina cha kuandika. Nimefurahi.

Jumapili, 26 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Baada ya misa tulikuwa tunachambua maharagi juu ya sinia. Mimi hupanga tano tano, mistari mitano, kama Baba alivyonizoeza, ili Mama aone mabaya haraka. Ishirini na tano, mraba mzuri. Mama akaona manne yaliyotobolewa, yote kwenye pembe moja, mawili juu na mawili chini. Akayatoa kwa kidole. Nikabaki na mraba wenye pembe iliyoliwa.

Mkono wangu tu ulichezea. Chini ya pengo palibaki mistari mitatu mizima. Kando yake kulikuwa na maharagi sita yaliyobaki juu. Nikayalaza ubavuni mwa ile mistari mitatu. Yakaingia sawasawa! Mistari mitatu, saba saba. Ishirini na moja. Tano toa mbili ni tatu, tano ongeza mbili ni saba. Hesabu hii tulifundishwa zamani: mraba toa mraba.

Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Nilichukua kipande cha mkaa. Elfu moja mara elfu moja, milioni. Ndogo. 1010 mara 1010: 1 020 100. Bado ndogo. 1011 mara 1011:

1 022 121.

Namba yangu ni 1 022 117. Mraba wenye maharagi manne yaliyotolewa kwenye pembe.

1011 toa 2. 1011 ongeza 2. Basi 1009 mara 1013. Nimezidisha mara tatu juu ya saruji ya jiko la Papa Claude. Ni hiyo hiyo kila mara.

Si premier. Haikuwahi kuwa premier. Nimegawa mara 168 bila kosa hata moja na jibu ni uongo. Ilibaki moja – premier inayofuata baada ya 997 ni 1009. Moja! Iko nyuma ya mlango, mahali ambapo ukuta umekwisha.

Mama kauliza kwa nini nalia juu ya maharagi. Nikamwambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nitaandika yote, pole pole.

Asubuhi nilimngoja Prof getini. Nikamwomba karatasi yangu, nikasema nimeona kosa mwenyewe. Hakushangaa. Kaniambia kilichoingia kabatini kimeingia. Alikuwa anakula njugu, akanipa tatu.

Saa tatu préfet akaja, na Papa Claude, na viti viwili. Karatasi ya Gracia ikasomwa: 1 000 003 ni premier, ukuta umemalizwa. Ni kweli. Makofi. Kisha yangu. Prof akaisoma polepole, hatua moja moja, mpaka wengine wakapiga miayo. Akafika mwisho. “Na sasa, Prudence, simama. Utuambie kwa mdomo wako. Iko premier?”

Nikasimama. Nikasema: “Hapana, Prof. Si premier.”

Prof akainua macho kutoka kwenye karatasi. Hilo hakulitegemea.

Préfet akavua miwani. “Kwenye karatasi iko premier, kwenye mdomo si premier. Hii namba inabadilika sawa hali ya hewa ya Bunia?”

Walicheka sana. Nikaomba craie. Nikaandika ubaoni mraba wa 1011, toa mraba wa 2. Nikaandika 1009 mara 1013. Nikazidisha mbele yao wote, tarakimu kwa tarakimu, mpaka ikatoka.

“Nani alikupa simu?” akauliza Prof.

“Maharagi,” nikasema. Ni kweli, lakini nilisema vibaya.

Gracia akapaza sauti: “Bâche iko na Google chini ya bâche!”

Hata préfet alicheka. Kisha kasema karatasi ndiyo karatasi. Nafasi ni ya Gracia. Mwenye malalamiko alete recours, yaani rufaa, iliyosainiwa na mzazi kabla ya Jumatano saa sita mchana, naye préfet atalazimika kunifanyia mtihani mpya, namba mpya, mbele yake mwenyewe. Ndivyo règlement, kanuni ya shule, inavyosema. Prof akaniangalia. “Mzazi gani?” akauliza, kama mtu anayetaka kujua tu.

Nilidhani imekwisha. Haikwisha. Prof akaleta kopo la rangi ya buluu na brashi. “Kwa kuwa umeiona mwenyewe, iandike, wengine basipotee.” Nikapanda benchi. Sketi yangu imeshonwa nyuma kwa uzi wa gunia, na walikuwa na muda wa kuusoma uzi wote. Nikaandika 1009 juu ya mlango, kwenye kipande cha ukuta kilichobaki. Darasa zima likawa linahesabu kwa pamoja kila tarakimu. “Un! Zéro! Zéro! Neuf!”

Baada ya masomo nilimuuliza Débora kama naye alicheka. Kasema hapana. Kisha akasema bila mimi kumuuliza:

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu quatre cents. Ile siku ya beignets. Gracia alisikia Prof anamuambia papa yake, ukuta hautaenea, hautatosha kwa namba yako.”

Mia nne. Baada ya hapo niligawa mara tisini. Tisini, naye akiweka tiki.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Weye ulikuwa na furaha mingi,” akasema. “Nilishindwa.”

Jumanne, 28 Oktoba

Nimefanya hesabu nyingine. Ukuta ukiumaliza, unakudanganya kuanzia namba gani? Nimeitafuta. Namba ya kwanza inayoupita ukuta bila kuwa premier ni 1009 mara 1009, yaani 1 018 081. Chini ya hapo ukuta unamtosha kila mtu. Ile ya Gracia iko chini ya hapo. Ya pili ni yangu. Hakuna nyingine katikati. Ile ya kwanza ni mraba mtupu, ningeitambua mapema. Basi akachukua ya pili.

Hakutafuta namba ngumu. Alitafuta ile ambayo ningeifanyia kazi yote, vizuri, mpaka mwisho, kisha nikosee. Siku mbili nzima. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunifikiria siku mbili.

Nimeandika recours. Ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, hakuna kosa. Nikampelekea Mama kwenye kamba ya nguo. Aliusoma wote, midomo ikienda.

“Unataka nisaini nini? Nisaini tulale inje?”

“Mama, si Papa Claude ninayemshitaki.”

“Ni nani sasa? Siye tuko wageni. Mugeni anashitaki mwenye parcelle, kisha anarudi kulala wapi?”

Nikamwambia ni mtihani tu. Kasema baba yangu pia alisema ni watoto kumi na mmoja tu. Akanining'inizia shati mkononi kana kwamba mimi ni kamba.

Papa Claude akaja mwenyewe, hatua zake ishirini na tatu, na sahani ya sombe, majani ya muhogo, imefunikwa kitambaa. Alikuwa mpole. “Mama Prudence, nimesikia mutoto anaenda Mahagi kwa shangazi. Ni muzuri kabisa. Dereva nimemuongea. Kesho saa nane atapita hapa hapa mulangoni.” Mama akamshukuru mara mbili. Gracia alikuwa amesimama barazani, akaniinulia mkono. Bye-bye.

Mama hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu Mahagi. Nilimwambia Débora tu.

Sombe bado iko pale. Hatujaila.

Kesho saa sita recours inafungwa. Kesho saa nane gari. Paul anapanda Djugu sasa hivi, ameegesha pikipiki mbele ya bomba na hazimi injini, anasema anataka kufika kabla jua halijazama. Karatasi yenyewe haiwezi kwenda na kurudi, yeye anashuka Ijumaa. Lakini kwenye kilima juu ya shule ya Baba kuna réseau ya simu. Akifika anaweza kupiga simu. Simu ya Mama ilikufa tangu Agosti. Namba pekee ninayoijua kwa kichwa, baada ya namba yangu ile, ni ya Débora. Jibu litapita kwake. Hakuna njia nyingine, nimezitafuta zote.

Narudia hapa ninachomwandikia Baba, kwa sababu niliapa kuandika yote, hata yale ya aibu:

“Baba, namba yangu si premier, na nimeiona mwenyewe kwa maharagi. Mama hawezi kusaini recours yangu, usimkasirikie. Paul akufikishie barua hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Neno litakalorudi liwe moja tu, ndiyo au hapana, na Paul asimtajie Débora swali. Nilijifunza kuandika kwa kufuatisha jina lako ubaoni. Naweza kuliandika Ephraïm kama wewe kabisa, hata ile E ya mbele yenye mkia. Kesho kabla ya saa sita, Baba – niliandike?”